Kumngoja Furukombe ni Kazi ya Sayansi

Kila mwaka, mwezi wa Machi unapoelekea ukingoni, kandokando ya maziwa kadhaa ya Uskoti huonekana watu wameketi vibandani, wameelekeza darubini kwenye kilele cha mti wa msonobari. Kileleni pana rundo kubwa la vijiti, nalo ni kiota. Kiota hicho ni kitupu. Watazamaji hao wana saa na daftari, na siku hizi wengine wana kamera pia. Lakini katika siku hizo za mwanzo kazi yao ni kuandika, saa baada ya saa, kwamba ndege anayengojwa hajafika. Pengine hufika mmoja, dume au jike, akaanza kukitengeneza kiota. Hapo kazi hugeuka ikawa ya kumngoja mwenziwe. Siku kumi zaweza kupita, na daftari likajaa neno lile lile moja: bado.

Mwanafunzi aliyezoea kuiona sayansi katika umbo la chupa za maabara na rangi zinazobadilika pale dawa zinapochanganywa anaweza kushangaa. Je, hii nayo ni kazi? Mtu mzima, labda mwenye shahada, aketi kutwa nzima akitazama vijiti? Makala haya yanashikilia kwamba hiyo ni sayansi halisi, tena ya aina ambayo shule za Afrika Mashariki zina uwezo wote wa kuifanya, ila hazijaipa nafasi. Ili hoja hiyo ieleweke, hapana budi kwanza kumfahamu ndege mwenyewe.

Ndege anayezungumzwa hapa ni yule ambaye wataalamu humwita Pandion haliaetus. Katika Kiswahili jina furukombe limetumiwa kwa ndege mkubwa alaye samaki, na si watu wote wamtumialo ndege mmoja; katika makala haya litatumika kwa huyu peke yake. Asichanganywe na tai wa maziwa ya Afrika mwenye kichwa na kifua cheupe na tumbo jekundu la hudhurungi, ambaye mlio wake unafahamika kwa kila aliyeishi kando ya Ziwa Victoria au Naivasha. Furukombe ana mgongo wa kahawia iliyokoza, upande wa chini mweupe, na mstari mweusi upitao jichoni hadi shingoni. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita moja na nusu au zaidi, na uzito wake ni kati ya kilo moja na robo na kilo mbili. Jike ni mkubwa kuliko dume.

Chakula chake karibu chote ni samaki, na mwili wake umeumbika kwa kazi hiyo. Kidole cha nje cha kila mguu kinaweza kugeuka nyuma, hata samaki akashikwa kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Nyayo zake zina vijiba vidogo vikali vinavyozuia samaki kuteleza, na matundu ya pua hufungika anapotumbukia majini. Hata hivyo ana udhaifu mmoja: hutanguliza miguu anapojitosa, na kwa hiyo hawezi kumfikia samaki aliye chini zaidi ya mita moja hivi. Ziwa likiganda barafu, au samaki wakishuka kilindini kukimbia baridi, furukombe hana chakula. Hii ndiyo sababu ndege wa Uskoti na wa nchi nyingine za kaskazini ya Ulaya hawawezi kukaa kwao wakati wa kipupwe. Huhama.

Furukombe wa Uskoti walio wengi huenda pwani ya Afrika Magharibi, katika nchi kama Senegal na Gambia, mwendo wa kilomita 5,000 hivi. Wachache huishia Hispania na Ureno. Namna wanavyoondoka inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwezi wa Agosti jike hutangulia, akiacha makinda waliokwisha kuruka chini ya ulezi wa dume, ambaye huendelea kuwaletea samaki. Baadaye makinda nao huondoka, kila mmoja peke yake, pasipo mzazi wa kuwaonyesha njia. Dume naye hufuata. Tangu siku hiyo hadi majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata, yaani wakati theluji inapoyeyuka Uskoti na masika yanapoanza Tanzania, dume na jike hawaonani. Mmoja anaweza kuwa katika mlango wa mto wa Senegal, na mwingine mamia ya kilomita mbali naye. Hakuna habari yoyote inayopita kati yao.

Kisha siku zikirefuka kila mmoja hushika njia ya kaskazini kwa wakati wake, huvuka Sahara na Bahari ya Mediterania, na kufika kwenye mti ule ule. Aghalabu hupishana kwa siku chache tu. Dume akitangulia huongeza vijiti, hufukuza wageni, na jike anapotokea hupaa juu sana akining'iniza samaki kuchani na kupiga kelele za kumwita. Baada ya hapo jike hulishwa na dume kwa siku nyingi kabla ya kutaga, na pia muda wote wa kuatamia.

Kwa nini siku chache ziwe jambo kubwa? Walimu wanaweza kuligeuza swali hili kuwa hesabu ya darasani. Jike hutaga mayai mawili au matatu. Yai huatamiwa kwa siku 37 hivi, na kinda hukaa kiotani siku 53 hivi kabla ya kuruka. Jumla ni siku 90. Yai lililotagwa tarehe 20 Aprili litaanguliwa karibu na tarehe 27 Mei, na kinda ataruka karibu na tarehe 19 Julai. Sasa tuseme mwenzi amechelewa kwa majuma mawili: kinda ataruka tarehe 2 Agosti. Amebakiwa na muda mfupi wa kujifunza kuvua kabla ya kuanza safari ambayo hata wenye nguvu wengi hawaimalizi. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba jozi zinazotaga mapema kwa kawaida hulea makinda wengi kuliko zinazochelewa. Kila siku ambayo ndege mmoja hukaa ukingoni mwa kiota akiwa peke yake ina gharama yake.

Hapa ndipo magazeti ya Ulaya hupenda kuingiza hadithi ya bibi mwaminifu anayemngoja mumewe kutoka safari ya ng'ambo. Ni hadithi tamu, lakini ushahidi hauiungi mkono. Watazamaji wa viota wamebainisha kwamba uaminifu wa furukombe ni kwa kiota kwanza. Ndege wawili hukutana tena mwaka baada ya mwaka kwa sababu kila mmoja hurudi mahali pale pale. Mmoja akichelewa, aliyebaki hangoji bila kikomo. Baada ya siku kadhaa huweza kumpokea mwingine. Na yule wa zamani akitokea baadaye, kunaweza kuzuka ugomvi mkali, hata mayai yaliyokwisha kutagwa yakasukumwa nje ya kiota.

Mwalimu atakayelieleza hili darasani asihofu kwamba anawanyima wanafunzi utamu wa habari. Anayesema kwamba ndege hurudi kwa ajili ya mapenzi amelifunga swali. Hakuna la kuuliza tena. Anayesema kwamba ndege hurudi kiotani amefungua maswali kumi. Anakitambuaje? Anajuaje siku ya kuondoka Afrika, ambako urefu wa mchana hubadilika kidogo tu? Kwa nini wawili walioishi mbali hufika karibu siku moja? Kinda asiye na kiongozi amepata wapi ramani? Maswali kama haya hayawezi kuzaliwa palipo na jibu la mapenzi.

Lakini liko swali moja linalotangulia yote: inajulikanaje kwamba ndege aliyefika mwaka huu ndiye yule wa mwaka jana? Kwa macho ya kawaida furukombe wote hufanana. Njia ya kawaida ni kumvisha kinda pete mguuni angali kiotani: moja ya madini yenye namba na anwani ya kituo kilichomvisha, na nyingine ya rangi yenye herufi na tarakimu kubwa zinazosomeka kwa darubini. Asiye na pete hutambuliwa kwa alama za mwili wake. Katika kiota cha Loch of the Lowes palikuwa na jike asiyekuwa na pete aliyefahamika kwa alama za kichwa na jicho lake. Kwa hesabu ya watazamaji wa mahali hapo, alirudi kwa miaka 24, kuanzia 1991 hadi 2014, akataga mayai 71, na makinda 50 wakaruka kutoka kiota hicho. Katika miaka hiyo alikuwa na zaidi ya dume mmoja. Mwaka 2015 alingojwa, hakuja, na kiota kikashikwa na jike mwingine.

Msomaji na azitafakari namba hizo. Hakuna chombo cha maabara kilichozitoa. Zimetoka katika daftari zilizopokezanwa na watu wengi, ambao wengi wao hawakuwa wataalamu, kwa muda wa miaka 24. Lau watazamaji wa mwaka 1998 wangaliona uvivu kuandika alama za jicho, mnyororo wote ungalikatika. Nguvu ya habari yenyewe ni sawa na nguvu ya pingu iliyo dhaifu kuliko zote.

Uskoti haikuwa na daftari hizo tangu zamani. Katika karne ya 19 furukombe walipigwa risasi na walinzi wa mabwawa ya samaki, na mayai yao yaliibwa na matajiri waliopenda kuyakusanya kama watu wengine wakusanyavyo stempu. Kufikia mwaka 1916 walihesabiwa kuwa wamekwisha katika nchi hiyo kama ndege wanaozaliana. Mwaka 1954 jozi moja ilionekana imelea makinda karibu na Loch Garten. Kwa miaka iliyofuata Chama cha Kifalme cha Kulinda Ndege kilijaribu kuweka siri na ulinzi. Mwaka 1958, usiku, mwizi alipanda juu ya mti licha ya kuwapo walinzi. Mayai yalivunjika, na kiotani yakakutwa mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya kiatu ili kuwadanganya walinzi.

Mwaka uliofuata George Waterston, aliyekiongoza chama hicho katika Uskoti, alichukua uamuzi uliowashangaza wengi: badala ya kukificha kiota, alikitangaza. Pakajengwa kibanda cha kutazamia, pakawekwa darubini, na watu wote wakakaribishwa. Katika majira hayo ya 1959 walifika watu 14,000 hivi, na makinda watatu wakaruka. Mti uliotazamwa na maelfu ulikuwa mgumu kuibiwa kuliko mti uliolindwa na wachache gizani. Leo Uingereza ina jozi zaidi ya 200 za furukombe, na baadhi ya ndege hao wameenea hadi Rutland katika eneo la kati la Uingereza, ambako makinda kutoka Uskoti walihamishiwa kuanzia 1996 na kiota cha kwanza kikafanikiwa mwaka 2001.

Faida ya kutazama haikuishia katika ulinzi. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, karibu na mlango wa mto wenye jina hilo hilo, palikuwa na viota zaidi ya mia moja vya furukombe pale Roger Tory Peterson, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya kutambulisha ndege, alipohamia huko mwaka 1954. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha vilivyobaki vilikuwa vichache tu. Ndege walirudi katika majira ya kuchipua kama kawaida, wakangojana, wakataga, wakaatamia, lakini mayai hayakuanguliwa. Mengi yalivunjika chini ya mama. Dhana zilikuwa nyingi: huenda samaki wamepungua, huenda watu wanawasumbua, huenda wazazi hawaatamii vizuri.

Mwaka 1968 na 1969 mtafiti kijana, Paul Spitzer, alifanya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kulielewa. Alichukua mayai ya Connecticut akayapeleka kwenye viota vya Maryland, ambako furukombe walikuwa na hali nafuu, na mayai ya Maryland akayaweka katika viota vya Connecticut. Mayai ya Maryland yaliyoatamiwa na wazazi wa Connecticut yaliendelea kuanguliwa vizuri. Yale ya Connecticut yaliendelea kushindwa hata mikononi mwa walezi wapya. Basi kasoro haikuwa katika ulezi wala katika mahali, ilikuwa ndani ya yai lenyewe. Chanzo kilikuwa dawa ya kuua wadudu, DDT, iliyotiririka kutoka mashambani na vinamasini hadi majini, ikaingia katika viumbe vidogo, ikaongezeka katika samaki wadogo, ikazidi katika samaki wakubwa, na kukusanyika kwa wingi katika ndege anayewala. Kitu kinachotokana na DDT mwilini huvuruga utengenezaji wa ganda, na ganda huwa jembamba. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya kawaida ya dawa hiyo mwaka 1972, na furukombe wakarudi polepole.

Jaribio hilo lilikuwa la akili nyingi na gharama ndogo, lakini lisingefikiriwa kabisa kama hakuna mtu aliyekuwa amehesabu viota hapo awali. Asiyejua kwamba jana vilikuwa mia hawezi kushtuka leo vikiwa kumi. Nchi inayotumia dawa mashambani, na kila nchi ya Afrika Mashariki huzitumia, haina budi kuwa na watu wanaojua idadi ya jana.

Linabaki jambo la ndege asiyerudi. Waswahili husema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika daftari la mtazamaji wa kiota methali hiyo hupinduka: asiyekuwapo ana mstari wake, wenye tarehe na saa. Walakini mstari huo una mpaka. Unasema kwamba ndege hakufika. Hauwezi kusema yaliyompata. Alinaswa wavuni? Alipigwa na dhoruba baharini? Alikufa kwa njaa katika bwawa lililokauka? Kiota kitupu cha Uskoti au cha Ufini huuliza swali ambalo jibu lake liko maelfu ya kilomita upande wa kusini. Tangu 1999 Roy Dennis, ambaye katika ujana wake alikuwa mlinzi wa kiota cha Loch Garten, amewafunga baadhi ya furukombe wa Uskoti vyombo vinavyoonekana na setilaiti, na vyombo hivyo vimeonyesha njia, vituo, na mara nyingine mahali safari ilipokatikia. Lakini wenye vyombo ni wachache. Wengine wote husafiri bila kujulikana, isipokuwa pale jicho la binadamu linapowaona na mkono ukaandika.

Na hapa ndipo suala linapoigusa Afrika Mashariki. Furukombe hawazaliani katika maziwa ya Tanzania na Kenya, lakini huja. Kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili huonekana, ingawa si kwa wingi, kandokando ya maziwa, mabwawa, mito mikubwa na pwani. Wanaokuja upande huu wa bara aghalabu wametoka mashariki zaidi kuliko Uskoti: Ufini, Urusi na majirani zao. Katika Ufini, tangu mwaka 1971, mpango ulioanzishwa na Pertti Saurola umewawezesha watu wa kujitolea kuvikagua viota kila mwaka na kuwavisha pete makinda. Nusu moja ya habari inaandikwa huko kwa uangalifu mkubwa. Nusu ya pili, ile ya miezi sita ambayo ndege huyo yuko Afrika, imeachwa karibu tupu. Furukombe anayengojwa kiotani mwezi wa Aprili alikuwa mahali fulani mwezi wa Februari, na huenda mahali hapo palikuwa bwawa lililo mita mia tano kutoka shule ya sekondari.

Katika shule hiyo wanafunzi wamefundishwa kwamba ndege huhama. Wanaweza kuieleza sababu yake kwa aya tatu nzuri. Hawana hata tarehe moja waliyoiandika wenyewe. Kasoro hii si ya wanafunzi, wala si ya walimu ambao muhtasari ni mrefu na mtihani uko mlangoni. Ni kasoro ya mazoea ya kuichukulia sayansi kuwa mali inayopokewa ikiwa imekamilika kutoka ng'ambo, ya kukaririwa na kurudishwa kwenye karatasi ya mtihani.

Dawa yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Shule iliyo karibu na maji ichague mahali pamoja. Wanafunzi wawili wawili waende hapo kwa zamu, mara mbili kwa juma, saa ile ile, kwa nusu saa isiyopungua wala kuzidi. Waandike tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya hewa, majina yao, na walichokiona. Waandike sura kabla ya jina: mstari mweusi jichoni, upande wa chini mweupe, samaki kuchani, jina litafuata. Wasipomwona, waandike sifuri. Kosa lisifutwe, lipigwe mstari na kusahihishwa pembeni. Mwisho wa mwaka kidato kinachoondoka kikabidhi daftari kwa kinachoingia, kama mlinzi amkabidhivyo mwenzake lindo.

Ile sifuri ndiyo itakayowasumbua wengi, na ndiyo kiini cha somo lote. Kati ya ndege ambaye hakuonekana na ndege ambaye hakutazamwa kuna tofauti kubwa, ingawa katika daftari lisilotunzwa vizuri wote wawili huacha nafasi tupu ile ile. Darasa lililokwenda bwawani mara kumi mwezi wa Septemba likaandika sifuri kumi, kisha likamwona ndege tarehe 14 Oktoba, lina haki ya kusema kwamba amefika kati ya tarehe mbili zinazojulikana. Darasa lililokwenda siku hiyo moja tu lina bahati, halina matokeo. Hali kadhalika furukombe aonekanaye mwezi wa Juni, wakati wakubwa wako viotani Ulaya, asidhaniwe kuwa kosa la macho: makinda hubaki Afrika mwaka wao wote wa kwanza, na kwa kawaida hawarudi kaskazini kabla ya umri wa miaka miwili. Mwalimu aliye na sifuri za Mei na Julai karibu na ndege mmoja wa Juni ana somo zima la baiolojia mikononi mwake.

Wavuvi nao wana sehemu yao. Mara nyingine ndege mwenye pete hunaswa au huokotwa amekufa, na pete hutupwa au hugeuzwa kipambo. Pete hiyo ndiyo anwani. Mwanafunzi anayejua maana yake anaweza kumweleza mjomba wake, namba ikasomwa, barua ikapelekwa, na mstari ulioandikwa "hakufika" katika kijiji cha Ufini ukapata mwisho wake.

Wako watakaosema kwamba kazi kama hii ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba nchi yenye upungufu wa vitabu na madawati haina nafasi ya kuwangoja ndege. Hoja hiyo haifai kubezwa, lakini imekosea mahali pa kuelekea. Maabara ya kemia ni ghali na lazima ijengwe. Daftari, penseli na nusu saa havihitaji msaada wa mtu yeyote. Hata darubini, ingawa ni nzuri kuwa nayo, si sharti. Ndege mwenye mabawa ya mita moja na nusu anayejitosa majini huonekana kwa macho. Kilicho adimu ni kitu kingine, nacho ni uendelevu: kazi isife mwalimu mmoja anapohamishwa. Hilo halinunuliwi kwa fedha za kigeni.

Wengine watauliza faida yake katika kilimo na afya. Kijana aliyezoea kuandika sifuri kwa uaminifu, asiyejaza nafasi kwa kubahatisha, asiyeona haya kusema "bado", ndiye atakayefaa kupima mvua, kuhesabu viwavijeshi, kufuatilia wagonjwa wa malaria na kusimamia shamba la majaribio. Tabia hiyo haifundishwi kwa hotuba. Hujengwa haba na haba, kwa siku nyingi ambazo hakuna kilichotokea na mtu akaandika hivyo hivyo.

Shule inayotaka kuanza isisubiri Oktoba, mwezi ambao wageni wa kwanza hutazamiwa. Ianze mwezi wa Agosti, wakati majike wa kaskazini ndipo kwanza wanaviacha viota vyao na bwawa la shule halina furukombe hata mmoja. Ukurasa wa kwanza utakuwa wa sifuri tupu, na bila ukurasa huo tarehe ya kufika kwa ndege wa kwanza haitakuwa na thamani yoyote.